Mtoto Kafua Shuka, Baba Kavunja Kikao

KIBARAZANI na Babu Kiraka

Jumamosi kikao cha harusi pale Sinza kilivunjika kabla hatujafika kwenye ajenda ya keki, na aliyekivunja ni shemeji yangu wa Kimara. Alichelewa, hakuamkia wakubwa, akatoa simu na kuipitisha kwa wajumbe mmoja mmoja, uso umevimba.

Nikavaa miwani. Kwenye picha alikuwa binti yake wa kidato cha pili, kakunja mikono ya sare, povu mpaka kwenye viwiko, anafua shuka uani kwenye kituo cha wazee. Pembeni bibi mmoja kakaa kwenye kigoda, kidole juu, bila shaka anamwambia hajasuuza vizuri. Binti anacheka mpaka magego yanaonekana.

Shemeji akaivuta picha mpaka zikabaki kucha za mtoto peke yake. "Ona, shemeji! Ada mamilioni, halafu wanamfulisha mwanangu shuka za watu!"

Shule ni ya mapadri Wajesuiti. Nafasi hiyo aliihangaikia mwaka mzima. Hata paroko hakupumua, na shemeji kanisani tunamwona Jumapili ya Matawi tu. Alichokuwa akikitafuta ni "division one". Baraza la Mitihani liliacha kututangazia shule kumi bora mwaka 2023, lakini yeye orodha yake anayo kichwani, na kwenye orodha hiyo hakuna beseni.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba kikao kizima kilimuunga mkono. Mweka hazina, ambaye daftari lake la michango naliheshimu kuliko Katiba, alisema mtoto anapotezewa muda wa tuisheni. Nikasimama. Nikawaambia kuwa mwaka 1973, huko Valencia, Hispania, Padri Pedro Arrupe, mkuu wa Wajesuiti duniani, aliwaambia wazi watu waliosoma shule zao kwamba elimu isiyomfanya mtu aishi kwa ajili ya wenzake ni bure, na kwamba katika hilo wao mapadri walikuwa hawajawafundisha ipasavyo. Wapo walionuna. Shemeji basi ana ukoo mkubwa.

Na Arrupe hakuwa mtu wa maneno matupu. Alisomea udaktari kabla ya upadri, na bomu lilipoangukia Hiroshima mwaka 1945 aligeuza nyumba ya malezi kuwa hospitali, akahudumia walioungua. Ndiye aliyeanzisha, mwaka 1980, shirika lao la kuhudumia wakimbizi. Shirika hilo ndilo lililoanzisha Redio Kwizera pale Ngara mwaka 1995, wakati wilaya imejaa watu kutoka Rwanda na Burundi na uvumi unaua kama kipindupindu. Kwao darasa, redio na kambi ni kazi moja. Sisi tunataka kuku awe paja tupu.

Nilipofika Kibera, kwenye shule ya Mtakatifu Aloysius Gonzaga, ambako watoto walioachwa yatima na UKIMWI wakimaliza kidato cha nne huwatumikia majirani zao kwa miezi kadhaa kabla ya chuo, mwenyekiti akaniambia muda wangu umekwisha. Mtoto asiye na mzazi anatoa miezi. Mwenye baba na gari mbili anaonewa kwa Jumamosi moja!

Nyumbani kwa shemeji, nguo zote hufuliwa na dada wa kazi ambaye hajamzidi binti yule hata mwaka. Kucha zake hakuna aliyewahi kuzivuta kwenye simu.

Nikamuuliza shemeji anataka mwanawe asomee nini. Akajibu, kifua mbele: udaktari. Nadhani atamtafutia na wagonjwa wasiochafua shuka.