Bingwa wa yoyo tumhesabie nini?

Ndugu wasomaji, msinicheke. Hili ni juma la tatu wanafunzi wangu wa mwaka wa tisa hawagombanii tena mpira wa Ulaya, wanagombania yoyo. Chanzo chake ni mama mmoja mchuuzi anayefuata bidhaa Kigoma na kurudi nazo kwa njia ya Manyovu na Mugina. Safari iliyopita, katikati ya ndala na betri, alileta katoni nzima ya yoyo za plastiki, nazo ziliisha kwa siku mbili. Kisha kijana mmoja akaja na simu ya kaka yake, akawaonyesha wenzake video za mashindano ya dunia. Hapo ndipo fitina ilipoanza: nani mkubwa kuliko wote?

Swali wakaniletea mimi, maana nafundisha hesabu. "Mwalimu, wewe kila muhula unatupanga nafasi. Hawa nao tupangie." Nikadhani ni kazi ya jioni moja.

Njia nyepesi ni kuhesabu ubingwa. Kwa njia hiyo mjadala unafungwa kabla haujafunguliwa. Shinji Saito wa Japani amekuwa bingwa wa dunia mara 13. Mjapani mwenzake, Hiroyuki Suzuki, ametwaa ubingwa wa kundi la 1A mara 4: mwaka 2004, 2005, 2006 na 2012. Gentry Stein wa Marekani ameuchukua mara 2 katika kundi hilo hilo, mwaka 2014 na 2019. Kumi na tatu, nne, mbili. Tufunge vitabu twende nyumbani.

Lakini hebu tujiulize, kumi na tatu za nini? Mashindano haya yana makundi. Katika 1A mchezaji ana yoyo moja, anairusha chini nayo inabaki ikizunguka mwisho wa uzi bila kupanda (wenyewe wanasema imelala), naye anasuka uzi kuizunguka kama fundi wa mikeka. Katika 2A ana yoyo mbili, moja kila mkono, zinatoka na kurudi bila kupumzika. 3A ni yoyo mbili zote zimelala. Katika 4A yoyo haikufungwa kwenye uzi kabisa, inarushwa hewani na kudakwa. Katika 5A uzi haufungwi kidoleni bali kwenye kitu kidogo kizito, nacho kinarushwa pia. Jina la Saito limejengwa zaidi juu ya 2A. Mimi nilijaribu hiyo 2A kwa yoyo za yule mama, nyuma ya nyumba, watoto wasinione. Paji la uso lilivimba hadi jioni, kwa hiyo simdharau Saito hata kidogo.

Hata hivyo, kuweka ubingwa wa 2A na wa 1A katika kapu moja na kujumlisha ni sawa na kumshindanisha fundi baiskeli na fundi cherehani kwa kuhesabu wateja. Kila mmoja ana kazi yake. 1A ndilo kundi linalovuta vijana wengi zaidi, na kukaa juu humo ni shida kubwa. Tazameni miaka hii: 2007 alishinda Yuuki Spencer, 2008 John Ando, 2009 Shinya Kido, 2010 Jensen Kimmitt, 2011 Marcus Koh wa Singapuri. Miaka mitano, mabingwa watano, hakuna aliyerudia. Halafu mwaka 2012 anarudi nani? Suzuki, yule yule aliyetamba 2004 hadi 2006, wakati vijana walikwisha kubadilisha vyombo na mitindo. Kwangu mimi kurudi huko, baada ya miaka sita, kuna uzito kuliko ushindi wake wote watatu wa kwanza.

Mwanafunzi mmoja mjanja akasema basi tuache vikombe, tulinganishe alama. Aliyepata 95 mwaka huu ni mkubwa kuliko aliyepata 92 mwaka ule. Ndipo nikaisoma kanuni ya alama, nami nakiri iliniondolea usingizi.

Kwa kanuni za miaka ya karibuni, mchezaji wa fainali ya 1A hupewa dakika 3. Waamuzi hushika vidude vya kubofya, kama vile vya kuhesabia watu mlangoni: kila kipengele kigumu kinaongeza, kila kosa linapunguza. Lakini idadi ile ya mibofyo siyo alama. Aliyepata mingi kuliko wote siku hiyo ndiye anayepewa 60 kamili, na wengine wanapewa kwa uwiano wake. Arobaini zilizobaki zinatokana na macho ya waamuzi juu ya ufundi na uchezaji. Kisha yanakatwa makosa makubwa: yoyo ikisimama inapungua alama 1, ukiibadilisha 3, ikichomoka 5.

Maana yake ni kwamba 60 ya mwaka mmoja na 60 ya mwaka mwingine ni vitu viwili mbalimbali. Katika darasa dhaifu aliye wa kwanza anapata 60, na katika darasa la moto aliye wa kwanza anapata hiyo hiyo 60. Alama zinasema nani alimshinda nani siku ile, jukwaani pale. Ukizitoa pale zinakuwa namba tupu.

Jambo hili nalijua kwa mwili wangu. Mimi ni mtoto wa Katumba, nilizaliwa huko mwaka 1980 na kusoma huko Tanzania. Kidato cha nne nilipata divisheni ya pili, pointi 19, na nyumbani tulichinja kuku. Wanaojua mfumo wa Tanzania wanajua kwamba pointi zikiwa chache ndiyo sifa. Aliyepata 7 ni bora kuliko aliyepata 30. Niliporudi mwaka 2009 nilipeleka cheti ofisini, nikakaa mbele ya mzee mmoja mwenye miwani. Akaangalia, akanihurumia, akauliza: "Kumi na tisa juu ya mia?" Nikamweleza. Akaandika alichoandika, na kwenye orodha niliwekwa chini ya watu niliokuja kuwafundisha kupiga hesabu za sehemu. Ilichukua miaka miwili kurekebishwa. Yule mzee hakuwa na nia mbaya, alisoma namba bila kuuliza ilizaliwa wapi. Wenzangu waliorudi na vyeti vya ng'ambo ya mpaka wananielewa.

Kwa hiyo nikiona jedwali la washindi nauliza pia nani alifika. Hadi 2013 mashindano haya yalifanyika miaka mingi mfululizo huko Orlando, Marekani. Mwaka 2014 yakaenda Prague, 2015 Tokyo, 2016 Cleveland, 2017 Reykjavik, 2018 Shanghai. Kijana asiye na tiketi wala viza hayumo kwenye jedwali, hata kama mkono wake ni wa dhahabu. Jedwali halimtaji kabisa, si kama mshindi wala kama aliyeshindwa.

Tena kuna wasiopimika kwa matokeo. Steve Brown wa Marekani ndiye aliyebuni ule mchezo wa uzani mwishoni mwa uzi, mwishoni mwa miaka ya 1990, na leo ni kundi zima, 5A. Kila anayeshinda humo anacheza katika shamba lililolimwa na Brown. Utampa pointi ngapi? Na Harvey Lowe, mtoto wa miaka 13 kutoka Kanada aliyeshinda London mwaka 1932 kwa yoyo ya mbao? Huyo nimemwacha nje ya orodha kwa heshima zote, maana mchezo wake na wa leo vinashirikiana jina na uzi tu.

Nikaandika ubaoni: Suzuki wa kwanza, Saito wa pili, Stein wa tatu. Chini yake nikaandika kwamba nimepima kurudi juu baada ya kushuka, kisha ubingwa wenyewe, na kwamba anayepima kwa kitu kingine atapata orodha nyingine.

Haikupita dakika. Binti mmoja wa kiti cha nyuma, naye ni wa familia iliyorudi, akasimama. "Mwalimu, hao aliowashinda Stein mwaka 2019 walikua wakitazama video za Suzuki. Kumshinda mtu aliyekwisha jifunza kila kitu chako si ndiyo kazi kubwa zaidi?" Nilisimama na chaki mkononi. Nimemwambia aiandike hoja hiyo kurasa mbili, ailete Jumatatu, na orodha yangu sijaifuta bado.