Asiyetoa Moshi Ndiye Auvutaye Zaidi

Kila alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya vilima vya Kampala, wachuuzi huingia mjini kwa baiskeli, mikungu ya matoke imefungwa nyuma. Baiskeli hizo hazitoi moshi hata kidogo. Lakini mbele yao hutangulia lori kuukuu likitema moshi mweusi, nao, wakijikaza kupanda mlima, huuvuta kwa vinywa vilivyo wazi. Hiyo ni dhuluma, na wa kwanza kuiondoa tunapaswa kuwa sisi tunaotumia magari ya umma.

Yafaa tulielewe jambo lenyewe. Aliyeketi ndani ya gari hupumua kwa utulivu, na pua humchujia vumbi kubwa. Anayekanyaga pedali huvuta hewa mara mbili ya hiyo au zaidi, tena kwa kinywa. Katika moshi wa dizeli mna chembe zenye upana usiozidi mikroni 2.5, hali unywele wa mwanadamu una mikroni zipatazo 70. Chembe hizo hupenya hadi kwenye vifuko vya ndani kabisa vya mapafu, na zilizo ndogo mno huingia katika damu na kuudhuru moyo. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitamka kuwa moshi huo huleta saratani ya mapafu.

Wala madhara hayangoji uzee. Mwaka 2007 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa London. Watu 60 wenye pumu walitembea saa mbili katika Oxford Street, mtaa wa mabasi na teksi za dizeli. Siku nyingine wakatembea muda uo huo katika bustani ya Hyde Park. Nguvu ya mapafu yao ilipungua zaidi mtaani kuliko bustanini. Ikiwa saa mbili zilitosha kuonyesha tofauti, tuseme nini juu ya mtu apitaye barabara ya Jinja asubuhi na jioni, mwaka mzima?

Mji wetu una vilima na mabonde, na hewa baridi ya asubuhi hutuama bondeni pamoja na moshi wa magari, wa taka na wa mkaa. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lashauri chembe hizo zisizidi wastani wa mikrogramu 5 kwa mwaka katika mita moja ya ujazo ya hewa. Vipimo vya mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere vimeonyesha kuwa Kampala hupita kiwango hicho mara kadhaa.

Sheria ya mwaka 2018 ilizuia kuingizwa nchini magari yaliyozidi miaka 15. Ni hatua njema, lakini gari lililokwisha kuingia huzeekea humu humu.

Nilipokuwa chuo cha kadeti tulifunzwa kwamba ofisa hali chakula kabla askari wake hawajala. Kwa kanuni hiyo hiyo, lori la jeshi, la wizara au la halmashauri linalofuka moshi mweusi lisitoke gereji mpaka nozeli na chujio la hewa vimeshughulikiwa. Tutamtozaje faini dereva wa teksi, hali letu lafuka kuliko lake?

Wapo watakaosema kuwa matengenezo ni gharama. Ni kweli, lakini leo gharama hiyo yalipwa na mchuuzi wa matoke, kwa mapafu yake.

Nawe mwenye baiskeli, usiiache, kwa maana mazoezi yana faida kubwa. Chagua njia za pembeni, wala usifuate nyuma ya lori. Kitambaa puani hakizuii chembe hizo. Kinachozizuia ni injini iliyotunzwa, na siku ya ukaguzi, tuanze na zetu.