Aya moja kwa Profesa Masanja haitoshi

Asante mwandishi, ila Profesa Verdiana Masanja umempitia mbiombio mno. Mwanamke wa kwanza Mtanzania kupata udaktari wa hisabati, halafu unampa aya moja? Alizaliwa Bukoba mwaka 1954, akasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na shahada ile akaipata Berlin mwaka 1986. Alichokichunguza hukukigusa kabisa: mwendo wa vimiminika ndani ya bomba, tena si vile vinavyotiririka kama maji, bali vyenye ukaidi wao. Sisi tuliowahi kukoroga uji wa msibani kwa mwiko tunaujua ukaidi huo; kuuandikia milinganyo ndiyo shughuli. Baadaye akafundisha hadi Rwanda, huku akihimiza wasichana wasiyakimbie masomo ya sayansi.

Mwaka huohuo wa 1986 mimi nilikuwa kidato cha pili. Mwalimu wetu wa hesabu aliita wavulana tu ubaoni. Siku niliponyoosha mkono, akaniuliza kama naomba ruhusa ya kwenda chooni. Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka nao.

Makala nimemtumia binti yangu. Sehemu ya pili lini?