Ripoti ya mtoto si insha ya mtihani

Majuzi mwenzangu anayefundisha somo la ustawi wa jamii aliniomba nimsaidie kusahihisha ripoti za wanafunzi waliotoka katika mazoezi ya nyanjani. Mmoja wao alikuwa amehoji jamaa za mtoto aliyetoroka nyumbani. Aliandika: “Mama alimwambia jirani kwamba alimpiga kwa sababu alikuwa amelewa.”

Nilimwita kijana huyo nikamwuliza: Nani alimpiga nani? Aliyelewa ni mama, jirani, baba au mtoto mwenyewe? Alinyamaza kitambo, kisha akakiri kwamba amesahau.

Kosa hilo si la sarufi. Kila neno limekaa mahali pake. Lakini viambishi vyetu vya nafsi havitaji jina wala jinsia, na katika mazungumzo hatutatiziki kwa kuwa msikilizaji akikanganyikiwa huuliza. Karatasi haiulizwi. Hakimu akiisoma ripoti hiyo miezi sita baadaye, mwandishi akiwa amehamishiwa wilaya nyingine, atamrudisha mtoto kwa nani?

Hapa ndipo ilipo hatari. Vijana hawa ndio watakaokuwa maafisa wa watoto, maafisa wa probesheni na washauri katika hospitali zetu. Sheria ya mwaka 1998 kuhusu hukumu za kutumikia jamii inaitaka mahakama ipate ripoti ya afisa kabla ya kumwagiza mkosaji afanye kazi za umma badala ya kwenda gerezani. Katika kesi za watoto pia, aghalabu mahakama huiona nyumba ya mtoto kwa macho ya afisa aliyeizuru. Sentensi moja iliyolegea yaweza kumtenganisha mtu na jamaa zake.

Sisi walimu tuna sehemu yetu ya lawama. Kwa miaka mingi tumemtuza mwanafunzi alama kwa kupamba insha yake kwa methali, tashbihi na misamiati mizito. Mimi mwenyewe nimeyafanya hayo, na siyajutii, maana insha ya sanaa ina mahali pake. Lakini mwanafunzi yule yule akitumwa kwenye nyumba yenye njaa, huandika kwamba watoto “walikuwa hohehahe wasio mbele wala nyuma”, asiseme kama palikuwa na unga ndani ya nyumba, wala walikula lini mara ya mwisho.

Isitoshe, mahojiano mengi hufanywa kwa Kiswahili au kwa lugha za mama, kisha ripoti ikaandikwa kwa Kiingereza. Kiingereza cha kawaida kina neno moja tu kwa baba mdogo na mjomba. Yatima akisema anaishi kwa mjomba, yaani upande wa mamake, ripoti iliyotafsiriwa haitaonyesha tofauti hiyo. Ukizuka mgogoro wa malezi au wa shamba la marehemu babake, tofauti iliyopotea ndiyo kiini cha kesi. Mwandishi angeongeza maneno matatu tu, “ndugu wa mama”, jambo lingekuwa wazi.

Kwa maoni yangu, kila chuo kinachofunza taaluma hizi hakina budi kuwa na somo la lazima la uandishi katika mwaka wa kwanza, likifundishwa na idara ya lugha pamoja na idara husika. Mwanafunzi azoezwe kutenga alichokiona, alichoambiwa na anachokidhani. Kila tendo liwe na mtendaji wake, na kila tukio na siku yake. Badala ya kuandika kwamba baba ni mkorofi, aeleze alichofanya baba huyo na nani aliyekishuhudia. Kabla ya kuondoka, amsomee mhojiwa maelezo yake, amwulize kama ndivyo alivyosema.

Tena, maadamu Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, wanafunzi hawa wafunzwe kuandika ripoti kwa lugha zote mbili. Maneno ya mhojiwa yakibaki katika lugha aliyoyasemea, yatapotoshwa mara chache zaidi.

Kuna watakaosema vyuo vina mzigo mkubwa tayari. Nakubali. Lakini mwanafunzi akikosea katika mtihani, atarudia mwaka ujao. Mtoto aliyepelekwa mahali pasipofaa kwa sababu ya ripoti mbovu hana mwaka wa kurudia. Maji yakimwagika hayazoleki.