Chachu haina kosa, tuangalie unga wetu

Ndugu wanachama wa koperative,

Mpika mikate akinunua unga wetu wa muhogo na mkate ukakataa kuumuka, lawama inaangukia chachu: "Imekufa! Ni ya zamani!" Mara moja moja ni kweli. Lakini mimi naona mara nyingi chachu inasingiziwa bure.

Chachu ni nini? Si dawa. Ni vidudu vidogo sana vyenye uhai, jamaa ya uyoga. Vinakula sukari iliyo ndani ya unga, kisha vinatoa hewa na pombe kidogo. Ni vya jamii ile inayogeuza maji ya ndizi kuwa kasiksi. Maji ya vuguvugu yanavisaidia. Maji ya moto sana yanaviua.

Sasa, hewa ile ikitoka, nani anaishika? Shida iko hapo. Ngano ikikandwa na maji inafanya utando unaovutika, unaitwa gluteni. Utando unafunga hewa ndani, na mkate unapanda. Muhogo hauna gluteni. Chachu inatumika vizuri, lakini hewa inapotea, sawa na kupuliza mpira uliotoboka.

Juu ya hiyo, sikubali tukiwaahidi wapika mikate kwamba muhogo utachukua nafasi ya ngano yote. Wakijaribu mara moja na kupata hasara, hawatarudi. Tuwaambie ukweli: kilo 1 ya muhogo kwa kilo 9 za ngano, mkate utaumuka vizuri. Tusiseme ni kidogo. Mtu anayemaliza mifuko 10 kila juma atatununulia mfuko 1 kila juma, ni kusema 52 kwa mwaka.

Lakini unga huo uwe safi. Unga wa fufu, wa mihogo iliyoloweshwa, una uchachu na harufu; unafaa fufu, haufai mkate. Kwa mkate tuchague mihogo mitamu: kumenya, kuosha, kukuna, kukamua maji na kuanika siku ile ile, kisha kusaga ikikauka kabisa. Mihogo michungu ibaki ya kulowesha siku 3 au zaidi, kwa sababu ya sumu yake.

Mu mkutano ujao, mbele ya kubishana bei, tukubaliane kwanza nani atatoa mihogo mitamu, na nani atachunguza unga kabla haujaenda mu soko.