TAHARIRI: KWENDA OMANI, NA KURUDI JE?



Siku hizi dada zetu wanaitwa Omani kufanya kazi za nyumbani. Hatusemi wasiende, mshahara wa kule ukitunzwa unajenga nyumba hapa. Lakini visa yao inashikwa na tajiri. Ukimkimbia kabla mkataba haujaisha, wewe ndiye mwenye kosa. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch liliandika habari za Watanzania wengi walionyang'anywa pasipoti huko.

Basi tupige hesabu kwanza. Mkataba umeusoma mwenyewe? Nauli analipa nani? Mambo yakiharibika, utarudi kwa pesa gani?

Na shamba lisiuzwe kumlipa wakala. Anayekwenda aende, shamba libaki. Ndilo litakalompokea akirudi mikono mitupu.