Umri wa Mtoto Hauungui na Karatasi

Mama aliyekimbia mashambulizi ya Palma, kaskazini mwa Msumbiji, Machi 2021 akatua ufukwe wa Paquitequete, Pemba, alishukuru akiwa amepona yeye na wanawe. Sedula za kuzaliwa nani angezikumbuka? Lakini mwanawe akikamatwa kwa kushukiwa kuwa ni wa mashababi, waasi wanaopigana huko, karatasi ile ndiyo itakayotakiwa.

Msumbiji, aliye chini ya miaka 16 hashtakiwi kwa jinai. Kwake dhamana haipaswi hata kutajwa. Ila asiye na karatasi anaweza kukadiriwa kwa macho tu, na kijana aliyevuta nyavu tangu utotoni ana mabega ya mtu mzima.

Akishahesabiwa mkubwa, dhamana humgeukia mzazi. Mvuvi wa pwani ile hana mshahara, ana bamvua na maji mafu, na tangu vita vilipoanza Oktoba 2017 zipo siku hata baharini haendi. Kiasi anachokimudu mfanyabiashara wa mjini, kwake ni kuuza mashua. Hakimu anayepanga dhamana bila kuuliza nyumba ile inakula nini, huwa amekwisha kumnyima mtoto dhamana, ingawa faili linasema amepewa.

Hofu ya upande wa pili naielewa. Wapo wavulana waliobebeshwa bunduki, na wapo waliofiwa ambao hawajasahau nyuso zao. Lakini miongoni mwa wavulana hao wamo waliotekwa kwanza, vijijini mwao wenyewe. Kumlaza mtoto wa namna hiyo selo moja na watu wazima hakumpunguzii aliyefiwa uchungu hata chembe.

Hata anayejulikana hukawia ndani: mwandishi wa habari Amade Abubacar alikamatwa Macomia, eneo hilo hilo la vita, Januari 5, 2019, akiwa kazini. Watetezi wa wanahabari walimpigia kelele hadi ng'ambo, na bado alikaa ndani mpaka Aprili 23. Mtoto wa mvuvi atapigiwa kelele na nani?

Ushahidi wa umri haukosekani. Ipo kadi ya kliniki yenye tarehe za chanjo, yupo mkunga, yupo mwalimu wa madrasa anayekumbuka mwaka aliomwanzishia alifu. Mwaka 2019 Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa ilieleza wazi kwamba umri ukitiliwa shaka, shaka hiyo imfae mtoto. UNHCR na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Msumbiji wamekuwa wakiwasaidia waliohama makwao kupata upya vitambulisho, kazi njema, ila huchukua muda. Mahakama isiingoje. Imwite mwalimu yule wa madrasa siku ile ile kijana anapoletwa mbele yake, kabla hajarudishwa selo.